Manyoya ya Tutaona

Jumatatu, 1 Agosti 1983

Nyamizi kaondoka jana. Mke wangu huyo. Kaenda kwa mama yake, Mhunze, hata majirani hakuwaaga. Sababu ni mbwa.

Naandika kweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Mbwa ni wa mama mkwe. Anaitwa Tutaona. Tulipewa atulindie mbuzi hapa Maganzo, na mama huleta dagaa wa kumlisha. Wale dagaa nilikuwa nawala mimi. Mbwa nampa ukoko. Sasa manyoya yamepukutika, na yaliyobaki yako kama mkeka uliotafunwa na mbuzi.

Nyamizi kasema Jumamosi anakuja na mama yake. Wakimkuta mbwa yuko hivi wanamchukua, na yeye harudi tena. Nipoteze mke kwa ajili ya dagaa! Mtu mzima, mvi kichwani!

Jumatano, 3 Agosti

Jirani yangu Marselino, fundi cherehani, ana mbwa anang'aa kama kiatu cha mkuu wa wilaya. Ananiudhi yule bwana. Nikamzunguka kwa maneno, nikaisifia cherehani yake, mwishowe nikauliza. Akasema nimpe mbwa dagaa, yai mara mojamoja, nimsugue kwa gunzi kila jioni. Nikingoja mpaka pamba ipandwe, nitaona. Mpaka pamba ipandwe, na mimi nina siku tatu! Ana dawa huyo, anaficha.

Hata hivyo nikaomba yai kwa Mwanaidi wa vitumbua. Nikafika nalo nyumbani salama. Na njaa nayo ikafika. Nikalikaanga. Mbwa nikampa ganda. Akalinusa, akaenda kulala na mbuzi.

Alhamisi, 4 Agosti

Siku ya josho. Ng'ombe wote wanaogeshwa dawa ya kupe. Nikasema moyoni, manyoya ni manyoya. Nikamchanganya Tutaona na ndama. Selestine, msimamizi wa josho, akauliza ndama wa nani huyo anayebweka. Kachelewa, mbwa keshatumbukia. Akatokea upande wa pili anang'aa! Nikamshukuru Mungu njia nzima. Kufika nyumbani kakauka. Mkeka uleule, ila sasa unanuka.

Ijumaa, 5 Agosti

Nyamizi aliacha kibuyu cha samli. Nikampaka mbwa kuanzia masikioni. Akang'aa kama bibi harusi. Wakaja mbwa wa jirani. Wakaja wa sokoni. Wakamlamba samli yote. Mbwa wa Marselino alilamba kuliko wote. Kumbe ndiyo siri yake!

Jioni akili ikanijia. Mimi fundi baiskeli. Grisi nani atailamba? Nikaichanganya na masizi ya sufuria, nikampaka mara mbili. Kawa mweusi kidogo kuliko alivyozaliwa.

Jumamosi, 6 Agosti

Wamekuja. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani, na heshima hiyo ndiyo niliyoitegemea. Mama kasimama nje ya uzio wa minyaa, kavaa kanga mpya nyekundu. Mimi nyuma ya kihenge cha mtama, mgongo nimewapa. Nyamizi katikati yetu.

Akamwita mama yake, "Mayu, tazama mbwa wako."

Mama akasema kweli anang'aa.  Basi mbwa naye akamtambua mwenyewe. Akaruka uzio, akamkumbatia mzimamzima.

 Kanga nyekundu ikawa nyeusi kifuani. Mama hawezi kunisemesha mimi. Akamsemesha mbwa.

"Wewe Tutaona, mwambie aliyekupaka haya kwamba wewe si baiskeli. Mwambie na wale dagaa walikuwa wako."

 Nikajibu nikiangalia kihenge.

"Tutaona, mwambie mama nimekosa. Nilikula mimi. Hata yai nilikula mimi. Ila Nyamizi asiondoke."

 Halafu nikasikia kicheko, cha mama kwanza, cha Nyamizi kikafuata.

"Tutaona," mama akasema, "binti yangu anabaki. Na wewe unabaki. Ila sufuria yako ya dagaa ataishika yeye."

Nilikaa chini palepale. Machozi yalitoka, nikasingizia utomvu wa minyaa.

Mama akarudi Mhunze na kanga ya Nyamizi. Ile yake kaiacha ifuliwe. Nyamizi kaniambia nisiiguse.

Jumapili, 7 Agosti

Nyumba ina mtu. Nimekunywa uji wa moto. Mbwa kaogeshwa sabuni, sabuni yenyewe ya kutafuta kwa tochi, na kasuguliwa kwa gunzi. Mkosi umepita.

Nyamizi yuko kanisani. Nikaona nimtangulie nimfurahishe. Grisi mimi naijua, inaogopa mafuta ya taa. Nikailoweka kanga. Grisi ikatoka! Na wekundu nao ukatoka. Mwalimu Cornel kaniazima chupa ya wino mwekundu wa kusahihishia, napaka taratibu kwa unyoya wa kuku. Upande mmoja umekubali.

Na mama mkwe, namshukuru Mungu, si mtu wa kunisogelea.