Matanga ya Oloo Mzima

Kasino ilipofunguliwa Kamwokya, mtaa wa Kampala, mchungaji aliona dhambi, wauza chapati wakaona wateja, na Oloo, bingwa wa mdomo mtamu kutoka Kisumu, akaona magodoro.

Kila siku alisimama karibu na mlango wa kasino kwa sura ya mfiwa. Akitoka mtu aliyenyonywa mpaka nauli, Oloo alimshika bega.

"Ssebo, bwana wangu, usikate tamaa! Ile mashine ya kona imeshiba mpaka inacheua. Leo inatapika. Nyumbani kumebaki nini?"

Kumebaki godoro. Oloo alilinunua kwa bei ya vitunguu, mtu akarudi ndani mbio, mashine ikazidi kushiba. Hivyo ndivyo mtaa ulivyohamia chumbani mwa Oloo kidogo kidogo: redio, pasi, viti, hata masufuria makubwa ya chama cha mazishi cha akina mama, yaliyoletwa na koplo Oyat, polisi mwenye miguu mirefu na bahati fupi, pamoja na godoro lake. Jumamosi jioni lori lingebeba vyote vikauzwe mpakani Busia.

Jumamosi hiyo asubuhi akaja Ayaa, mke wa Oyat na mtunza vyombo wa chama cha mazishi, macho chini.

"Kaka Oloo, kuna mwanaume sokoni Nakawa, kasino imemmaliza kabisa. Anauza pikipiki yake. Anataka kitu kidogo tu."

"Masikini!" alisema Oloo, tayari amevaa viatu.

Alimngoja masikini huyo Nakawa bure mpaka jua likamchoma utosi. Aliporudi, alikuta moto wa magogo mbele ya mlango wake, turubai limefungwa, wanawake wanalia kwa ufundi. Sasa, Kamwokya ukiona moto na turubai huulizi. Unaingia, unakaa, unatoa rambirambi. Na nyumba ya msiba haifungwi: vitu hutolewa nje, watu wapate pa kukaa na cha kupikia. Kufuli lilikuwa limevunjwa kwa heshima zote.

"Nani amekufa?"

"Oloo," alijibu Ayaa, akikoroga maharagwe katika sufuria la chama.

"Oloo ni mimi!"

"Pole sana, marehemu. Kaa, chakula kinaiva."

"Vitu hivyo ni vyangu! Naita polisi!"

"Polisi niko hapa, mukubwa," alisema Oyat, amejinyoosha juu ya godoro lake mwenyewe. "Eleza polepole. Vitu vya watu wote hawa vilikufikiaje?"

Oloo akakaa, akaomba sahani. Waombolezaji wakaondoka, kila mmoja na godoro lake kichwani. Lori lilipofika halikupata hata kijiko.

Ayaa akamkabidhi bahasha. "Majirani wamechanga, kaka. Ya kusafirisha maiti mpaka Kisumu."

Oloo akashika njia ya kwenda kwenye basi. Njia hiyo, kwa bahati mbaya, inapita mbele ya kasino. Akasimama. Aliikumbuka mashine ya kona: mwezi mzima inakula tu, na shahidi ni yeye mwenyewe. Kama kuna siku ya kutapika...

Alipotoka, bahasha ilikuwa imekonda kabisa. Mlangoni alisimama Ayaa, kwa sura ya mfiwa. Akamshika bega.

"Kaka, usikate tamaa. Umebaki na nini?"

Oloo akaviangalia viatu vyake.