Kuhusu Nyota ya Washington na Paja Langu la Kushoto

Kwa Ndugu Mhariri, Bi. Corliss Amdahl,
Gazeti la Wilaya, Montana.

Mimi ni Harlan Stenerud wa ng'ambo ya daraja la mbao. Nina miaka themanini na minne. Nimewazika wake wawili, mbwa watatu wa jina moja, benki ya mjini, reli iliyokuwa ikibeba ngano yetu, na daktari aliyenikataza bekoni. Huyo daktari alikuwa akikimbia kila asubuhi. Nimeona ukame ulioua hata magugu, na baridi iliyogandisha maji ndani ya birika likiwa juu ya jiko. Siyasemi haya kwa majivuno, maana mtu wa kweli hahitaji kujisifu, na mimi ni wa kweli kuliko wengi. Nayasema ili ujue kwamba anayelalamika si mtoto.

Shule niliacha darasa la nane, walimu walipoishiwa cha kunifundisha. Kwa hiyo ukikuta kosa la herufi lirekebishe. Ukikuta kosa la hoja, rudia kusoma.

Shida yenyewe ni hii. Dada yangu Ardis yuko hospitali Anchorage, kule Alaska, na moyo wake umechoka. Daktari amemwambia aite watu wake. Watu wake ni mimi. Ardis ndiye aliyenilea mama alipofariki, akanifunga kamba za viatu mpaka nikawa naona haya. Nikakata tiketi ya ndege, mara ya kwanza tangu nitoke jeshini. Langoni wakanirudisha, kisa leseni yangu ya udereva haina nyota ya dhahabu kwenye kona, ile alama ya serikali kuu ya Washington ambayo siku hizi bila hiyo hupandi ndege. Ndege ikaondoka na kiti changu kitupu. Sasa nina tiketi nyingine ya Alhamisi. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili hata mtu wa Washington aweze kuyafuata.

1. Jimbo limenitupa. Baba yako, Mungu amrehemu, angekumbuka mwaka ule wa 2007, serikali kuu ilipotaka leseni zote za nchi zifanane, na habari zetu ziunganishwe kama minyororo. Bunge letu la jimbo lilisema hapana. Wote. Hakuna hata mbunge mmoja aliyekwenda upande wa pili, na hao ni watu wasioweza kukubaliana kama nje kuna theluji. Mimi nilikuwepo. Niliendesha lori mpaka Helena, makao makuu ya jimbo, nikakaa viti vya juu vya wananchi, nikapiga makofi mpaka askari akaniambia, "Mzee, basi, wameshapitisha." Nikarudi nyumbani nikijua nina jimbo. Miaka kumi baadaye wakalegea. Wakasema anayetaka nyota achukue, asiyetaka aache. Mimi nikaacha. Kumbe nimebaki peke yangu kwenye handaki, makamanda wangu wameshakwenda kula.

2. Nyota yenyewe. Huku kwetu nyota anavaa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, naye tunampigia kura. Hii ya kwenye leseni nani aliipigia kura? Leseni yangu mimi wameichapa maneno kwamba haifai kwa mambo ya serikali kuu. Kodi yangu inafaa kwa mambo ya serikali kuu. Miguu yangu ilifaa walipoitaka jeshini. Ni uso tu ndio haufai.

3. Udadisi wao. Ili wakupe hiyo nyota, unapeleka cheti cha kuzaliwa, namba ya hifadhi ya jamii, na barua mbili za kuonyesha unakoishi. Mambo yangu ni siri yangu. Na hata hivyo nani asiyejua ninakoishi? Vuka daraja, pita zizi la kwanza, nyumba yenye bati jekundu. Mlango hauna kufuli, na bunduki iko nyuma ya mlango wa jikoni, upande wa kulia, chini ya koti. Nilizaliwa jikoni humo humo tarehe tisa Machi 1941, na mama yangu kabla ya kuolewa alikuwa wa kina Fossum. Meno ya juu ni ya bandia. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Haya wilaya nzima inayajua, ndiyo maana nayaandika wazi gazetini. Lakini Washington hawatayapata kwangu ng'o.

Namba nne imenitoka kichwani. Ikirudi nitaiandika.

5. Nilivyotendewa langoni. Sikwenda mikono mitupu. Kwetu ng'ombe hatoki nje ya wilaya mpaka mkaguzi wa chapa za moto amwangalie na kumwandikia karatasi. Ng'ombe hana picha wala namba ya hifadhi ya jamii, na wangu hawajawahi kuchanganywa na wa mtu. Nikasema kinachomtosha ng'ombe kitanitosha na mimi. Ieleweke kwamba chapa ya ranchi yetu ninayo kwenye paja la kushoto, tangu siku ile ndama alipojipindua na chuma cha moto kikanipata mimi. Aliyeshika chuma alikuwa mke wangu wa kwanza. Alisema ni bahati mbaya, na mimi sikumhoji.

Basi nikamwendea Dell Kittelson, mkaguzi wetu. Akasema, "Harlan, hii karatasi ni ya mifugo."

Nikamwambia, "Andika."

Akaandika: dume mmoja, mzee, mweupe, chapa ya Pembe juu ya Mstari, paja la kushoto, anakwenda Alaska. Alipofika penye sababu ya safari akainua kalamu akauliza, "Niandike nini, anakwenda kuuzwa au kuchinjwa?"

Nikamwambia, "Malisho."

Dada wa langoni akaisoma karatasi mara mbili, akamwita mwenzake, naye akaisoma mabega yakimtingishika. Yule dada akasema, "Mzee, hii inasema wewe ni ng'ombe."

Nikamjibu, "Inasema mimi ni nani, nimetoka wapi, na nani amenikagua. Yako inasema nini?"

"Yangu ina nyota, mzee."

Nikaona maneno hayafiki, nikaanza kufungua mkanda nimwonyeshe chapa yenyewe. Akasema, kwa adabu, hilo nampa, "Baba yangu, nakuomba usivue suruali." Wakati huo huo mtu aliyekuwa nyuma yangu anaingizwa kwenye lile kabati lao la kioo, anainua mikono kama anayeibiwa, wanamchungulia mpaka ndani ya nguo, wanamwambia safari njema. Huyo alikuwa na nyota. Mwenye kuficha mwili wake hapo alikuwa nani, na aliyeuonyesha kwa hiari yake akafukuzwa ni nani? Fikiria mwenyewe.

4. Imerudi. Ni habari ya barabara. Yule mwenzake dada wa langoni alinishauri niende kwa gari. Kwenda Alaska kwa gari unapita Kanada, na Kanada wanataka paspoti, ambayo ni kadi ile ile iliyonenepa ikawa kitabu. Kwa hiyo mimi Mmarekani, kutoka Marekani kwenda Marekani, nimefungiwa ardhi na nimefungiwa anga. Yamebaki maji, na Montana hatuna bahari.

6. Ninayoyadai. Kwanza, jimbo lijenge lango lake kwenye uwanja wa ndege, kando ya lile la Washington, lakini pana zaidi. Kila wilaya ipeleke mtu mmoja anayejua watu, aketi hapo kwenye kiti, akuangalie, aseme huyu namjua, apite. Sisi tumpeleke Wilma Prestegard wa posta. Wilma amesoma kila postikadi iliyopita mkononi mwake. Kwa uzito wa kifurushi cha dawa anakwambia nani anaumwa nini, na kwa mwandiko wa bahasha anakwambia ndoa ya nani inayumba. Huyo ndiye wa kumwamini. Hajawahi kupeleka hata neno moja Washington. Anayapeleka kanisani tu, wakati wa kahawa.

Pili, anga lililo juu ya Montana ni la Montana. Ndege iruke nami bila kuniuliza kitu. Tukifika mpaka wa jimbo jirani la Idaho serikali kuu inaweza kuja kunihoji huko huko juu, kwa ngazi yao wenyewe. Jibu langu lisipowapendeza waniteremshe Idaho. Nimeshalala mahali pabaya zaidi.

Tatu, hayo mawili yakishindikana, Alaska isogezwe. Serikali kuu ndiyo iliyoinunua Alaska kwa Warusi ikiona kabisa iko mbali kiasi gani. Aliyenunua ndiye anayebeba.

7. Ardis. Nimemweka mwisho kwa sababu hili silo lalamiko hasa. Nilipompigia simu kumweleza kwamba nimerudishwa kwa ajili ya uhuru wa wananchi, alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Harlan, chukua hiyo kadi yao."

Nikamweleza kwamba leo ni kadi, kesho watatutoboa masikio na kututia hereni za namba kama ndama.

Akasema, "Mdogo wangu, watu wanaonigeuza hapa kitandani sijui hata majina yao, na wameniona kote. Sina muda wa kungoja nione nani atashinda, wewe au Washington."

Nikamwambia watakaoshindwa ni Washington.

Akasema, "Haya. Na mimi siku hiyo nitakuwa wapi?"

Hilo swali nalipeleka serikali kuu.

Naamini utalichapa hili ukurasa wa mbele, juu ya matangazo ya nyasi kavu. Nisalimie mama yako, mwambie ule mchuzi wake wa kulungu bado naukumbuka. Wasalimie wacheza karata wa mkahawani, wote isipokuwa yule anayejijua. Msalimie mchungaji. Na mbunge wetu ukimwona mwambie yale makofi yangu ya Helena nataka anirudishie.

Ni mimi, nisiye na nyota wala haja nayo,
Harlan Stenerud

Nyongeza, na hii usiichape. Ardis amepiga tena kabla sijabandika stempu. Sauti yake imekuwa ndogo. Nimekaa nikafikiri. Wewe una mashine ya kuchapa. Nitengenezee kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa karata ya kuchezea, kikae mfuko wa shati. Kushoto weka picha yangu, nimeitia humu, ile isiyo na kofia maana wale hawapendi kofia. Kulia weka jina langu lote, tarehe ya kuzaliwa, urefu, rangi ya macho na mahali ninapoishi. Chini nitatia saini. Na alama ya dole gumba nimekupigia kwa wino, kama litahitajika. Kifunike kwa plastiki, theluji isikifute, na kwenye kona ya juu, ukiwa na rangi ya dhahabu, weka nyota. Ndogo.

Na ukimaliza kukisoma hiki nilichoandika hapa juu ukaona kipande hicho kimefanana mno na kadi yao, basi usijisumbue. Nipitie Jumatatu asubuhi unipeleke ofisi ya leseni nikaulize kama wanaweza kunipa cha kwao kabla ya Alhamisi. Cheti cha kuzaliwa nimeshakitoa sandukuni. Ila tusipite mbele ya mkahawa. Na yeyote atakayeuliza Jumatatu hiyo nilikuwa wapi, Dell Kittelson na Wilma Prestegard wataapa kwamba nilikuwa zizini kutwa nzima.