Mabenchi Mawili ya Mama Generosa

Inatangazwa kwa wote wenye njaa: kuanzia Jumatatu, hakuna makalio yatakayogusa benchi la Mama Generosa, muuza chakula wa Kizota, bila namba ya nafasi iliyotolewa mtandaoni.

Tangazo lilitungwa na Mzee Bartolomayo, karani mstaafu, Mwenyekiti wa Kamati ya Mageuzi ya Kuketi. Kamati ilikuwa yeye mwenyewe. Akidi ilitimia kila alipoamka. Mabenchi yalikuwa mawili, kanuni kumi na tisa. Aliyoipenda zaidi ni ya nne: neno "karibu" likitamkwa bila namba ya nafasi ni batili.

Ijumaa angekuja kuzindua mfumo huo wa namba Mheshimiwa Debora, bosi wa ofisi moja mjini. Akiridhika, Bartolomayo angekabidhiwa mabenchi yote ya Dodoma, pamoja na muhuri. Tangu astaafu, alichokikosa hasa ni muhuri. Akamwekea mgeni benchi zima, akaandika 7:00 kwa kidole chake mwenyewe.

Ijumaa, saa saba kamili mchana, akafika na Mheshimiwa. Mabenchi yamejaa mafundi, wanashughulika na ugali wa uwele na mlenda.

"Shikamoo, mzee," akasema Yotham, mchomelea mageti, bila kuinuka.

"Marahaba. Ondokeni."

"Tuna namba."

Mama Generosa akachomoa simu kwenye kanga. "Hata yenu ilikuwepo, baba. Ila mfumo haujui saa zetu. Saba yake ni saa moja asubuhi. Jumanne Yotham alikosa chakula, ndipo tukashtuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Si kanuni ya kumi na moja? Malalamiko kwa barua, nakala tatu. Leo asubuhi nimewatunzia benchi saa nzima, tupu, mafundi wananywa chai wamesimama. Mfumo umeandika: wamehudumiwa."

Bartolomayo akakohoa. "Mheshimiwa, kwa mujibu wa kumbukumbu, tumeshakula."

Mheshimiwa akameza mate.

"Karibuni basi," akasema Yotham, akijisogeza.

"Batili!" Bartolomayo akafoka.

Lakini Mheshimiwa alikuwa ameshanawa. Akajibana katikati ya mafundi, akamega tonge, akachovya. "Hiyo batili nani kaitunga?"

"Kamati," Bartolomayo akajibu kwa sauti ya chini.

"Ivunjwe."

Simu ya mzee ikalia mfukoni: *Ndugu mteja, umeshiba? Toa nyota.*

Akalitazama bakuli la mlenda likipita kwa wengine, akabonyeza tano. Ripoti ya mfumo ilihitaji walau mteja mmoja aliyeridhika.