Malalamiko Kuhusu Mistari ya Kahawia Kwenye Ramani ya Kisiwa

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ramani,

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi pia ni mzima, isipokuwa magoti. Ni fundi cherehani, na nakuandikia kwa heshima zote kabla sijakosa mke kwa sababu ya ofisi yako.

Mchumba wangu anatoka upande wa pili wa mlima. Natakiwa nikajitambulishe kwao. Nimeshindwa kufika kila nilipojaribu, na mjomba wake amesema Jumapili hii ndiyo ya mwisho. Nisipotokea, watajua sina nia. Nia ninayo, Mheshimiwa. Ramani ndiyo sina. Kwa hiyo:

1. Ramani yenu ya magari inaonyesha kwamba kutoka kwetu hadi kwao ni kidole kimoja. Nikaazima gari la kaka, nikaaga kwamba chai ya jioni nitakunywa nyumbani. Hakuna mahali mlipoandika kwamba kidole hicho kinapanda hadi mawinguni, tena kinajikunja mpaka dereva anakaribia kuuona mgongo wa gari lake mwenyewe. Rejeta ilichemka, nami nikachemka. Kaka hajanisemesha hadi leo.

2. Mwenye duka akanishauri ninunue ramani ya watembea kwa miguu, eti ndiyo nzuri, ina kila kitu. Kweli, ina mistari ya kahawia tele. Katika kazi yetu mstari ukishachorwa unafuatwa, hauulizwi. Nikachagua mmoja ulioelekea kwao, nikaufuata kwa uaminifu, vichakani na juu ya mawe, bila kupanda wala kushuka. Nyumba yao niliiona kule chini. Walikuwa uani wakinipungia mkono. Nikawapungia pia, lakini mstari haukushuka, nami sikuuacha. Nikazunguka mlima mzima na kutokea nyuma ya kibanda kile kile cha chai nilichoondokea asubuhi. Mama muuza chai akauliza kama wakwe hawajambo. Nikamwambia hawajambo, kwa mbali.

3. Safari nyingine, mahali mistari ilipobanana nilidhani ni barabara kuu. Kumbe ni mwamba uliosimama wima. Niliteremka kwa makalio, na suruali niliyojishonea kwa ajili ya ukweni sasa nafutia mashine.

Naomba basi mistari yote isiyo njia ifutwe. Ikiwa haifutiki, zichongwe njia mlimani kuifuata, na kila moja iwe na ngazi ya kuteremkia ukweni. Hilo nalo likiwa gumu, mlima upunguzwe. Suruali ikimzidi mteja simwambii arefuke, naikata. Iwe kabla ya Jumapili, tafadhali.

Wasalimie wachoraji wote, hasa yule mwenye kalamu ya kahawia.

Wako mtiifu, bado kapera,
Fundi Cherehani

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, mchumba wangu amebisha hodi. Amevuka mlima kwa miguu, peke yake, na nakala yake ya ramani yenu ile ile mkononi. Amekaa kwenye kiti cha wateja akaisoma barua hii, akacheka hadi machozi. Kumbe mistari ya kahawia ni ya kuonyesha urefu wa mlima, kila mmoja unauzunguka mlima kwa kimo kile kile, na njia ni vile vistari vyekundu vilivyokatika, ambavyo mimi nilidhani ni mishono. Anasema mjomba alikasirika kwa sababu niliwapita huku nikipunga mkono, lakini yeye alijua tu kwamba nimepotea. Jumapili tunakwenda pamoja. Malalamiko nimeyafuta, msiguse kitu. Ila naomba nakala nyingine ya ramani, maana yangu ameichukua iwe kumbukumbu, na anasema hanirudishii hata tukizeeka.