Jiko Kubwa Kuliko la Mwanyumba

Jumatatu, 7 Julai
Baridi. Naandika nikiwa na soksi mbili kila mguu. Mama mkwe anakuja Ijumaa kukaa hadi baridi iishe. Kwetu, si kwa mwanyumba! (Mwanyumba: mume wa dada yake mke wangu, mtu mwenye jiko la kuni sebuleni na mdomo wa kulitangaza.) Miaka sita mfululizo mama anakwenda kwake kuota moto, sisi tunaletewa salamu. Mwaka huu nimemwahidi joto. Mke wangu aliuliza, joto lipi, baba? Nikamwambia asiwe na shaka. Akasema hapo ndipo shaka ilipomwanza.

Jumanne, 8
Kwa fundi wa majiko. Mtu mpole, masizi hadi kwenye kope. Majiko matatu: dogo, la kati, na moja la chuma cheusi, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Aliuliza sebule yangu ina ukubwa gani. Hatua nne kwa tatu. Akanielekeza kwa lile dogo. Nikauliza mwanyumba alichukua lipi. La kati.

Hapo nikakumbuka kwamba sikuhesabu korido. Wala baraza. Wala uwanja wa kuanikia nguo, ambao kusema kweli hauna paa. Jumla, hatua kumi kwa tisa! Fundi akanitazama kidogo, akasema mteja ni mfalme, ila moto haujui kudanganywa. Nimechukua ng'ombe.

Jumatano, 9
Limeingizwa na watu wanne, baada ya mlango kung'olewa. Bomba la moshi limetoboa hadi juu ya paa. Limependeza mno. Kochi limehamia koridoni.

Fundi ameacha agizo: kuni zikaushwe mwaka mzima, kivulini, penye upepo. Mwaka! Mama anafika keshokutwa! Kwa bahati, jirani kakata mti wake jana, kanipa kuni bure. Bado zina majani. Nimezifunika kwa nailoni na kuzikaza kamba, unyevu usiingie. Mke wangu akauliza, na uliomo ndani utatokea wapi? Nikaongeza fundo moja. Mtu hajibu kila swali.

Alhamisi, 10
Jaribio la kwanza. Kiberiti kizima kimekwisha. Kuni zinalia, zinatoa povu, hazishiki. Moshi badala ya kupanda juu ulikuja kunisalimia mimi. Jirani akapaza sauti ng'ambo ya ukuta, akauliza kama tunaungua au tunafukuza mbu.

Nikaanika kuni kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashati. Polepole mno. Nikapiga pasi magogo mawili. Pasi ya mke wangu. Sasa ina utomvu. Amegundua jioni, kupitia blauzi yake nyeupe. Mazungumzo yalikuwa mafupi, na yote yalikuwa yake.

Ijumaa, 11
Mama mkwe kafika saa kumi, sweta tatu mwilini, kiroba mkononi. Akanusa. Akauliza, mkwe wangu, siku hizi mnakausha samaki? Kisha akafungua kiroba: kuni kavu, nyepesi, zinagongana kwa mlio mtamu. Mwanyumba kazituma, pamoja na salamu, eti alijua tu. Alijua tu! Nilitaka kuzirudisha. Kisha nikamwona mama akipuliza viganja vyake. Nikameza machungu, nikalijaza jiko hadi mdomoni. Ng'ombe halishwi kwa kijiko.

Moto! Baada ya dakika kumi mama akavua sweta ya kwanza, akanisifu mbele ya binti yake. Ushindi! Dakika ishirini, ya pili, akasema yatosha sasa, baba. Nusu saa, ya tatu. Mishumaa ya kabatini ikapiga magoti. Baada ya saa moja tulikuwa sote watatu barazani, baridini, tukiichungulia sebule yetu dirishani kama wageni wasiokaribishwa.

Mama akavaa sweta zake tena, moja moja, bila haraka. Akasema, mkwe wangu, huna ubaya wowote, ila nyumba yako ina majira mawili tu, na yote mawili siyawezi. Mwanyumba akaja kumchukua. Hakucheka. Alipiga honi tu. Mara mbili.

Jumapili, 13
Fundi kaja kuangalia. Kapima sebule kwa miguu yake mwenyewe, nne kwa tatu, akatikisa kichwa kiungwana. Yuko tayari kunibadilishia nichukue dogo. Mke wangu akaninong'oneza nimkubalie kabla hajabadili nia, tukamrudishe mama. Nikasema nitatafakari. Akashusha pumzi, akaenda kwa dada yake kumwona mama.

Nimetafakari. Jiko halina kosa. Kosa ni la sebule. Na ule ukuta wa chumba cha kulala, ukiugonga, unasikika mwembamba kabisa.

Nimempigia mwanyumba aniazime nyundo. Akauliza ya nini. Nikamwambia natundika picha. Kaileta mwenyewe, haraka, na salamu za mama.

Ni ya kati. Nimemwomba iliyo kubwa zaidi.