Ski za Daktari na Reli ya Veranda

Jumatatu, 5 Agosti 1985
Nimeanguka mara ya tatu. Hizi mbao ndefu zinaitwa ski. Daktari mzungu aliziacha stoo akienda likizo kwao, na mimi ndio nachunga nyumba. Kwao anateleza nazo juu ya barafu. Hapa Kiplombe barafu hakuna, lakini kando ya ngazi za veranda kuna reli ya bomba, imeshuka vizuri mpaka kwa maua. Viatu zake kubwa, nimejaza magazeti. Shida ni ile chuma pembeni ya ski. Kali kama panga. Inauma bomba, ski inasimama, mimi naendelea.

Awuor wa nyumba ya pili alikuwa anaanika nguo. Sijui kama aliona. Mwaka mzima sijamwambia kitu, ni salamu ya "habari" tu. Wanyonyi wa maziwa yeye akipita anaachilia mikono zote za baiskeli, na Awuor anacheka. Jumamosi nitashuka reli yote Awuor akiniangalia. Halafu nitaongea.

Jumanne, 6 Agosti
Nimesugua chuma na jiwe. Jiwe limeisha. Chuma iko vile vile.

Jumatano, 7 Agosti
Nimepelekea Abdi, yule wa kunoa visu sokoni. Nikamwambia atoe makali. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. Akasema miaka kumi na mbili watu wanamletea kitu butu anarudisha kali, sasa mimi nimetoka wapi. Mama mmoja wa kungoja kisu akasema kijana huyu apelekwe hospitali. Watu walikuwa wengi, nikaona haya. Nikasema Abdi afanye tu. Akasema nirudi kesho.

Alhamisi, 8 Agosti
Abdi amenyoa nywele za mkono wake na ski, kunionyesha. Alisema alijaribu kutoa makali, roho ikakataa. Eti kesho watu watasema Abdi amesahau kazi. Nikamwambia asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimeazima tupa kwa Mzee Mburu, seremala. Akauliza nanoa nini. Nikasema jembe. Akasema jembe gani inanolewa na mtu ambaye hana shamba. Nimesugua tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Vidole zimechubuka, lakini chuma sasa ni laini kama mgongo wa kijiko.

Jumamosi, 10 Agosti
Imeteleza. Imeteleza sana. Kusimama ndio sikuwa nimefikiria. Nilimaliza reli, nikapita maua, nikapita fensi ya kayaba na miiba yake yote, nikatokea kwa shuka za Awuor. Wanyonyi alikuwa anapita bila mikono. Alicheka mpaka akaingia mtaro na maziwa yote.

Awuor alinitoa miiba na sindano, saa nzima. Akauliza kama nyumba ya Daktari haina geti. Akasema anajua ni mimi namjazia debe la maji kila asubuhi kabla hajaamka, na amengoja niongee mpaka amechoka. Halafu akasema kesho saa kumi shangazi yake, Mama Selpha, anapika samaki. Nije. Na nije kwa mlango.

Nikasema sawa. Neno moja, lakini nilisema.

Jumapili, 11 Agosti
Nimefikiria vizuri kanisani, wakati wa mahubiri. Ni wazi ni ski imeniletea huyu msichana. Kama kuteleza hatua kumi kumeleta samaki, kuteleza mbali kutaleta nini? Yusuf wa lori ametoka Timboroa, mbali kule milimani, sasa hivi na anarudi huko. Anasema mvua ya mawe imeanguka, mlima mzima ni mweupe kama unga. Ikifika saa nane itakuwa imeyeyuka, kwa hivyo ni sasa. Nikiteleza mara moja tu, saa kumi niko kwa Mama Selpha na kitu cha kusimulia. Siwezi kuketi kwa watu na mdomo mtupu. Ski ziko juu ya magunia tayari na Yusuf anapiga honi, anasema hangoji mtu wa kuandika. Lazima niende.