Mpelelezi wa Viza Ndia Kuu

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika nyumbani kwetu, mbele ya mamangu, na kanzu mpya mwilini.

Nawaandikia nyote tuliomaliza udaktari pamoja, kutoka duka la intaneti hapa mjini. Jamaa wa mashine ya pili anachungulia ninachoandika. (Chungulia, bwana. Heshima yenyewe imeshakwisha.)

Mnajua nimepata nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto Ulaya. Kilichobaki ni viza. Nilipokwenda Nairobi, afisa wa ubalozi aliniuliza tena na tena kama nitarudi Kenya nikishamaliza. Nilipotoka, mtu mmoja kwenye foleni akaninong'oneza: "Hao hawaamini mtu. Hutuma watu mpaka mtaani kwenu, wakupeleleze." Basi! Tangu siku hiyo, mtu akinisalimia kwa upole tu, najiuliza katumwa na nani.

Katikati ya hayo mama amekwenda kuniposea Salha. Nampenda Salha tangu tuko chuoni, hilo mnalijua, mlishanicheka vya kutosha. Kwao wakasema tuwape siku chache wafikiri.

Leo asubuhi napita barabara ya Ndia Kuu hapa Mombasa, Fundi Omari, mshona kanzu, akaniita nisogee.

"Daktari, ndoo hapa. Kuna mtu akuulizia."

"Mtu gani?"

"Simyui, si wa hapa. Auliza, yule avuta sigara? Alewa? Akenda Ulaya atarudi?"

Atarudi! Maneno yaleyale ya ubalozi! Nikamwona mwenyewe, amekaa upande wa pili na kikombe cha kahawa: miwani ya jua, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. (Kalamu! Nani anakunywa kahawa na kalamu?)

Nikajiambia, huyu simkimbii. Nikavuka, nikatoa salamu, nikaketi.

"Wewe ndiwe daktari aendaye Ulaya?" akaniuliza.

"Ndimi."

"Na utarudi?"

Nairobi nilijibu swali hilo kwa maneno matupu. Leo nikaamua kutoa ushahidi.

"Nisirudi vipi, mzee wangu? Nina mke hapa."

Kikombe kikasimama kabla ya kufika mdomoni. "Mke?"

"Na watoto wawili. Wa tatu yuko tumboni." Nikaona ameshtuka, nikadhani nimempata, nikazidi. "Mke wangu nampenda kufa. Usiku kucha tunaililia safari hii."

"Mashallah," akasema kwa sauti ndogo. Akainuka bila kumaliza kahawa. Mimi nikarudi nyumbani napiga mluzi. (Mluzi!)

Alasiri mama akaniita. "Vaa kanzu. Kina Salha wameleta jawabu."

Nikavaa. Nikajipaka manukato. Nikaingia sebuleni na tabasamu la bwana harusi.

Miwani ya jua. Kalamu mfukoni.

"Huyu ni ami yake Salha, atoka Malindi," mama akasema bila kunitazama. "Aniambia una mke."

Hapa Mombasa nani asiyejua kwamba msichana akiposwa, jamaa zake hupita mitaani kimyakimya kumchunguza mposaji? Nimezaliwa hapa. Nimekulia hapa. Lakini kichwa changu chote kilikuwa ubalozini.

"Ami, nilidanganya!" nikapiga kelele. "Sina mke! Nilidhani wewe mpelelezi wa viza!"

Akavua miwani, akanitazama vizuri.

"Basi nichagulie, daktari. Nikawaambie una mke, au nikawaambie u mwongo?"

Aibu iliyonishika sijapata kuiona, hata siku ile nilipozimia kwenye upasuaji mbele yenu.

"Salha mwenyewe alisharidhia," akasema, akivaa viatu mlangoni. "Sisi tulichelea jambo moya tu, usije ukamwacha mtoto wetu ukapotelea Ulaya. Ungalisema utarudi, ukanyamaza, yeo hii tungalisoma Fatiha ya posa."

Akaenda zake. Nikabaki na mama. Nilimwapia kwa kila kiapo ninachokijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa macho, akaniuliza pole pole: "Na hao wajukuu wangu, wako wapi?"

Kesho nakwenda mwenyewe kwa kina Salha kuomba radhi. Kwa hivyo tafadhali msicheke. Nataka wawili wenu mpande basi usiku huu mje Mombasa kuniapia kwamba mimi ni kapera.